Vichwa Vilivyorudishwa Shimoni

Mwaka 1956, miezi ya njaa ilipokaribia, Stamili wa Mnyambe hakuwa na akiba ghalani. Alikuwa na kipande cha msitu. Humo alichimba ming'oko, viazi vya porini vya kumvusha yeye na mwanawe Fikirini mpaka mahindi mabichi.

Lakini ua la kizungu lilikuwa limeuvamia msitu. Lilianzia bustanini kwa mke wa bwana mkubwa, bomani Newala. Ndege wakala matunda yake meusi, wakaja kunya mbegu msituni kwa Stamili. Likatanda, na mimea ya ming'oko ikafa kwa kukosa jua.

Anselmo, bwana shamba kijana, alimfundisha kulitambua hata likiwa changa: shina la pembe nne lenye miiba, na jani likifikichwa linanuka vikali.

"Ling'oeni mpaka chini, mama, kabla ya mvua," alisema, akaondoka kwenda kazini Masasi.

Stamili akawaita wenzake. Walichimba wakitaniana.

"Mama Fikirini, umepata mume wa miiba," alisema Fatu.

"Mchukue wewe, wifi. Mimi nikimfukuza hasikii."

Mvua za kwanza zikanyesha. Anselmo aliporudi, asubuhi moja na mapema, kila shimo lilikuwa limechipua majani mabichi ya lile ua.

"Shikamoo, mama. Mashina mliyatupa wapi?"

"Marahaba. Tuliyakata, vichwa tukavirudisha shimoni, tukafukia."

Alijibu bila wasiwasi, kwani ndivyo walivyolelewa. Anayechimba mng'oko huchukua kiazi, akarudisha udongoni kichwa cha kiazi, pale shina linapoanzia, ili msitu umpe tena mwakani. Kuacha shimo tupu ni uchoyo.

Anselmo akachuchumaa. "Kichwa ndicho kinachoota. Sikuwaambia mkianike juani."

Stamili akautazama msitu wake. Wanawake walikuwa wamemwotesha adui kwa adabu ile ile waliyofundishwa na mama zao.

"Tuanze upya, mama. Bado inawezekana."

"Tuanze na nani, mwanangu? Mvua imenyesha, kila mtu yuko shambani kwake."

Akapekua chini ya vichaka hadi mgongo ukamuuma. Akapata mng'oko mmoja, mwembamba kama kidole.

Anselmo alikuwa amekwishavua shati, anachimba peke yake. Stamili alimwacha. Alikwenda kumwamsha Fikirini, wateremke kijiji cha Chiungutwa kabla jua halijawa kali, akaombe kulima shamba la watu apewe chakula.