Komeo wa Tandika

Kila mechi Farhan alikuwa anakufa wa kwanza, na wenzake walishachoka kumzika.

"Umekufa tena," alisema Daniel, nahodha, bila kugeuza shingo. "Mlango uko mbele yako, bunduki unayo, adui anakuja anatembea kama anakwenda sokoni. Ulikuwa unangoja apige hodi?"

"Skrini nzito hii," Farhan akajibu. "Mie namwona, yeye ameshanimaliza."

Walikuwa wamebanana ndani ya banda la gemu la Daniel, Tandika, nyuma ya duka la dawa, feni ikizungusha joto lilelile. Mchezo wao ulikuwa wa watu watano kwa watano, wa kupigana risasi kwenye kompyuta, na humo Farhan alikuwa na kazi moja tu: kulinda mlango. Adui akichungulia, ampige kabla hajapigwa. Kazi hiyo ndiyo iliyompa jina la Komeo.

Mchana, kwenye kibanda chake cha kuchomelea kando ya barabara, watu wenye magari walimwita "we fundi geti" na kumrushia vipimo kupitia dirishani. Usoni hawakumtazama. Lakini kwenye mchezo ule kulikuwa na vijana wa Kigamboni na Sinza, ambao hakuwahi kuwaona kwa macho, na wakisikia Komeo yupo walibadili njia. Hata hivyo tangu apate kazi ya grili za madirisha kule Goba, jina lilikuwa linachakaa.

"Sawa, skrini," Daniel akasema. "Jumamosi tunacheza Sinza, na mshindi anakwenda Nairobi. Tumechanga hela ya skrini mpya. Kachague unayoitaka mwenyewe, Shamimu akusindikize. Lakini ukifa wa kwanza na hiyo mpya, kiti anakaa yeye."

Shamimu, mchezaji wa akiba, alikuwa msusi wa nywele. Vidole vyake vilikuwa vyepesi na maneno yake machache. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeagizwa chumvi.

Duka walilokwenda Kariakoo lilikuwa la mama mmoja wa Kihaya, Kokuberwa, aliyeuza monita, yaani skrini za kompyuta, zilizotumika. Alikuwa amekaa kwenye stuli, miguu nje ya viatu.

"Shikamoo mama," Farhan akasema.

"Marahaba. Za ofisini au za vita?"

"Za vita."

Akawasha tatu. "Hii inaonyesha picha sitini kwa sekunde moja. Hii mia na arobaini na nne. Ile ya pembeni mia mbili na arobaini, lakini kwanza niambie kompyuta yenu ikoje. Maana ukiwa na punda, usimfunge behewa la treni."

"Ni punda mwenye afya," Shamimu akasema.

"Basi mwisho wenu hapa kati. Zungusha huo mshale."

Farhan akazungusha. Kwenye skrini ya kwanza mshale uliruka kama kiroboto, hapa ukaonekana, pale ukapotea. Kwenye ya pili ulitiririka kama mafuta ya kula. Hata mtu asiyejua kitu angeona tofauti. Kifua cha Farhan kikafunguka.

"Umeona, Shamimu? Nilisema mie. Nilisema skrini."

"Mshale haupigi risasi," Kokuberwa akamkata. "Mtu hanunui viatu kwa kuvitazama. Kaa ucheze."

Akakaa. Shamimu alikuwa ameinama nyuma ya monita, akitafuta tundu la waya ambalo Daniel alimsisitizia alitazame. Alipoinuka alijikuta ana kwa ana na uso wa Farhan, na kile kinachotokea kwenye skrini hakukiona. Farhan akafa. Akaanza tena, akafa. Shamimu hakuondoka pale.

"Rudia," akasema.

"Una nini wewe?"

"Rudia tu, kaka Farhan."

Mlango ukafunguka kwenye skrini, bunduki ya adui ikatoa mwako mweupe, na macho ya Farhan yakafumba. Hayakupepesa, yalifumba kabisa. Yalipofunguka, Komeo alikuwa chini.

"Unafumba macho," Shamimu akasema.

"Nani?"

Kokuberwa akavaa viatu vyake, akazunguka meza, akatazama mara moja. "Anafumba kweli. Kama mtoto anayechomwa sindano."

Farhan alijua palepale tabia hiyo imetoka wapi.

Grili hushikizwa kwanza. Fundi hushika kipande cha chuma kwa mkono wa kushoto, fimbo ya kuchomelea kwa mkono wa kulia, akaigusisha kidogo tu ili chuma kikae mahali pake. Ngao ya uso nayo hushikwa kwa mkono, na hapo mikono yote miwili imeshakwisha. Kwa hiyo fundi hulenga, hufumba macho mwako usiyaunguze, hugusa. Mafundi wote wa barabara ile walifanya hivyo. Farhan alifundishwa hivyo na bosi wake wa kwanza kwa makofi ya kisogoni, mpaka kope zikajifunza zenyewe, na hakuwahi tena kuziamuru. Na grili za Goba zilikuwa kazi ya kushikiza kutwa nzima.

"Tunachukua hii ya kati," akasema.

"Utafumba mbele ya picha nyingi zaidi," Kokuberwa akasema. Lakini alikuwa mfanyabiashara, akaifunga kwenye boksi.

Nje, Farhan aliibeba monita kifuani kama mgonjwa. "Usimwambie Daniel."

"Nikinyamaza napata nini?"

"Hupati kitu. Unakitaka kiti changu, najua."

"Nakitaka," Shamimu akasema. "Lakini nitakupokonya ukiwa unanitazama. Jioni wahi kabla wengine hawajafika. Nikufundishe kukodoa."

Kila jioni Shamimu alikaa pembeni ya skrini mpya, mgongo kwa mchezo, macho kwa Farhan, kitana cha kusukia mkononi. Farhan akifumba, Shamimu aligonga meza nacho. Tak. Mwanzoni kitana kiligonga kama mvua kwenye bati. Machozi yalimtiririka Farhan mpaka kidevuni, naye akawa mkali, anatukana waya, anatukana kiti, anainuka kwenda nje na kurudi kabla hajafika. Nyumbani mkewe, Najma, alimwambia anageukageuka kitandani kama chapati.

Alhamisi kitana kilinyamaza. Mlango ulifunguka, mwako ukaja, Farhan akautazama mpaka ndani yake, akamwona mtu aliye nyuma ya mwako, akampiga. Akampiga na wa pili.

"Si mnaona skrini?" Daniel akawaambia wenzake. "Kifaa ni kifaa."

Farhan akacheka kuliko wote. Shamimu alikuwa anafuta kitana chake kwa upindo wa khanga.

Ijumaa alikuwa Goba. Mwenye nyumba alitaka kuhamia Jumapili, madirisha ya upande wa mlimani yakiwa bado hayana grili. Farhan akaweka chuma, akalenga, akagusa.

Kope hazikushuka.

Mwanga wote ukaingia. Alirudi nyuma, akasugua macho kwa kiwiko, akajaribu tena huku akiziamuru zifumbe. Zilifumba, lakini kwa kuchelewa, na kwa kule kuziwaza mkono ukateleza, chuma kikakaa upande. Akasimama na fimbo yake. Angeweza kuzirudisha, kwa siku nzima ya kuzikemea, pengine jioni zingekuwa zimekumbuka. Na kesho, Sinza, zingefumba vilevile mbele ya mwako.

"Fundi, mbona umesimama?" mwenye nyumba akauliza kutoka kwenye gari.

"Nawaza, bosi."

"Wazia nyumbani."

Farhan akainama. Aliziacha wazi. Alishikiza dirisha hadi dirisha, jua dogo likiwaka na kuzimika mbele ya pua yake, naye akilitazama, akilitazama, mpaka kuta za nyumba zikawa za kijani machoni pake.

Magharibi macho yakaanza kuuma kama yametiwa mchanga. Alipofika Tandika, Najma alimshika mkono kuvuka mtaro, akamlaza, akamfunika macho kwa kitambaa cha maji baridi. Asubuhi hayakufunguka. Simu ikaita, Najma akamwekea sikioni.

"Kaka Farhan," Shamimu akasema. Nyuma yake kulikuwa na makelele ya ukumbi. "Daniel anasema nikae. Nikae?"

Farhan akasogeza sikio kwenye simu. "Kaa. Mlango ukitulia sana, usiuamini."

"Pole, kaka."

"Kaa, wanakusubiri."

Gharama ya hayo yote ilikuwa hii. Monita ya watu sita, ambayo yeye mwenyewe hakuihitaji. Grili za Goba, ambazo mwenye nyumba alimpa fundi mwingine azimalizie. Kiti cha Sinza. Jina la Komeo, ambalo mchana ule alikuwa anaitwa mtu mwingine. Na zile kope, zilizomlinda miaka yote bila kuambiwa: Najma alipofungua pazia na mwanga ukapita kwenye kitambaa, zilitetemeka chini yake, hazijui zifumbe au zifumbue.