Upande wa Kulia wa Mashine

Kaka yangu aliingia kwenye mashine ya kukanda unga kukwangua makombo, akatoka bila mkono wa kulia. Msimamizi wake, waliyemwita Fasta kwa jinsi alivyowakimbiza watu, aliwaeleza wakubwa kuwa kaka alipewa kufuli la kufungia swichi, akaliacha kwa uzembe. Kaka akafukuzwa. Mimi nikajifunza kazi ya usalama, polepole, mpaka kiwanda hichohicho cha biskuti kikaniita nifundishe. Fasta hakunijua, nami sikujitambulisha.

Tulikusanyika mbele ya mashine yenyewe, meneja kiti cha mbele. Niliiwasha tupu wasikie inavyonguruma, nikaizima, nikabaki nimesimama karibu na swichi.

"Kabla ya kazi tunapima mambo mawili," nikasema. "Ajali inaweza kutokea kwa urahisi gani, na ikitokea itaumiza kiasi gani. Bwana Msimamizi, mtu akiingia humu, swichi haijafungwa?"

"Hatari ndogo, mwalimu. Dakika mbili tu, katoka."

"Na kuumia?"

"Labda mchubuko. Tena kwa mzembe."

Wachache walicheka.

"Sawa. Ingia utuonyeshe."

Akapanda ngazi huku anatabasamu. Mguu mmoja ulipokuwa ndani, akanitazama.

"Dada, toa mkono hapo."

"Sijagusa kitu."

"Funga swichi kwanza."

"Ya nini? Si umesema mchubuko?"

Jasho lilimtoka. "Usinitanie, dada yangu. Humu mtu anakatwa vipande."

"Rudia, wa nyuma hawajasikia."

Akarudia.

Nikampa kufuli. Akashuka, akafunga mwenyewe, ufunguo akautia mfukoni, akaingia. Nikawaeleza wenzake kwamba ufunguo ni mmoja tu, na anaingia nao aliye ndani. Nilieleza taratibu sana, yeye amechutama kwenye makombo. Sikuwa na haraka.

Meneja akasimama, akachungulia ndani.

"Yule kijana, siku ile. Kufuli lilikuwa wapi?"

Sauti ikatoka chini, ndogo.

"Kwenye droo yangu, bosi. Tulikuwa na oda ya haraka."

Hakuna aliyecheka.

"Mwalimu, nitoke sasa?"

"Bado," nikamwambia, nikamrushia kikwanguo. "Anzia upande wa kulia. Kaka yangu hakuumaliza."