Soksi Juu ya Kioo

Vivianne alihitaji dakika tatu tu: dakika tatu za wimbo wa kidenenda, ndege wa miambani, usiokatika, ndipo chuo kipokee kazi yake. Kinasa sauti kilikuwa cha kuazima, na kesho kinarudi kwa mwenyewe. Alfajiri nikampandisha kwa pikipiki mlimani Angurai, nikamwambia huko ndege huimba mpaka msikilizaji achoke.

Niliharakisha kusema. Kidenenda hajai ngumi, lakini dume akishakamata jiwe lake hataki kuona dume mwingine. Huyu akamwona mwenzake ndani ya kioo cha pikipiki yangu. Saa mbili nzima akapigana na kioo. Kuimba, hata kidogo.

"Huyu angefaa stage ya boda ya Malaba," nikasema. "Anagombania abiria."

Vivianne hakucheka. "Boss, funika hicho kitu chako."

Nikavua soksi, nikakivisha kioo. Vivianne akaziba pua. Ndege akamtafuta adui, akamkosa, akajiona mshindi. Akaruka juu ya jiwe, akaanza kuimba. Vivianne akabonyeza, akaniwekea kidole mdomoni.

Dakika ya kwanza ikapita. Ya pili ikaanza. Ndipo chini barabarani honi ikalia mara mbili.

Alikuwa Okedi, mwenzangu wa stage. Sisi watu wa boda, ukiona pikipiki ya mwenzako imesimama mahali pa upweke, unapiga honi mbili, naye anajibu kwa mluzi. Tangu tumzike Ogendo, aliyeuawa kwa sababu ya pikipiki yake, asiyejibu hangojewi: watu wanamfuata na mapanga.

Honi tena. Vivianne akatikisa kichwa. Mimi, ambaye hata kanisani huambiwa ninyamaze, nikanyamaza.

Ndege aliendelea mpaka tuliposikia miguu ya watu, na Okedi akiliita jina langu kwa sauti ya matanga. Ndege akaruka, akaenda.

Dakika mbili na sekunde hamsini.

Okedi alifika na panga, nyuma yake wanaume sita aliowatoa shambani kando ya barabara, wakihema. Akaitazama ile soksi kwa muda.

"Tulidhani umeshauawa, Omoding," akasema. "Kumbe unavalisha pikipiki nguo."

Vivianne alikuwa ameketi, kinasa sauti mapajani, macho yamelowa.

Ndege akaanza tena, juu ya jiwe la pili. Vivianne akainuka polepole, akabonyeza, akatuangalia mmoja mmoja.

Chini, honi ikalia mara mbili. Mwenzetu mwingine wa boda alikuwa akipita, ameiona pikipiki.

Nikamwangalia Okedi na panga lake. Nikapiga mluzi.