Kibanda cha Wavutaji

Mvua ya mawe ilipoanza kupiga, wanawake wachambuzi wa kahawa wa kiwanda kimoja cha kukoboa, Nkwenda, walikuwa uani wamekalia magunia. Ghala lilikuwa limefungwa. Paa la karibu lilikuwa la kibanda kipya cha wavuta sigara.

Wiki nzima Benadeta, mmoja wa wachambuzi hao, alimsikia meneja Elipidius akikichagua kwa simu. Cha kuta nne alikikataa: sheria haikubali, moshi lazima upate pa kutokea. Cha turubai akakidharau. Akachukua cha mabati mazito, kuta mbili, benchi ndani, kikawekwa mbali na mlango wa ghala. Wachambuzi walipoomba nao chao, aliwauliza sheria gani inawataja.

Benadeta akaingia, wenzake watano nyuma yake.

"Tokeni!" Elipidius alifoka kutoka barazani. "Mkaguzi yuko njiani! Winston, watoe!"

Winston, mlinzi, alikuwa jirani yake Benadeta kule Bugomora. Alimjia na rungu, macho chini.

"Mama Jovitus, tafadhali. Nina watoto."

"Na mimi ninao, baba. Mawe yapite kwanza."

"Winston! Au nianze kukutoa wewe?"

Rungu la kwanza lilimpata Benadeta begani. La pili alilikinga kwa mkono wa kulia. Mfupa ukalia kama tawi kavu la mbuni. Wenzake wakatimka, nyungo vichwani, wakatokea getini. Yeye alianguka. Winston akampiga mbavuni, akamburuta kwa khanga yake mpaka kwenye tope. Alipoishia Winston, mawe yakaendelea.

Mvua ilikuwa imepungua mkaguzi alipofika na mwavuli. Akapima kwa futi kutoka mlango wa ghala, akagonga bati, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Kinatumika?"

"Kila siku, mheshimiwa."

"Basi nipate picha ya mtu akivuta. Ofisini hawakubali kibanda kitupu."

Elipidius akaangaza uani. Wapagazi, ndio waliokuwa wakivuta, walikuwa wamekwenda na lori. Akamwinua Benadeta, akamketisha kwenye benchi. Akamshikisha sigara, vidole vikakataa kufumba. Akambandikia mdomoni, akaiwasha.

Mkaguzi aliutazama ule mkono kitambo, kisha akanyanyua simu.

"Mama, huo mkono uweke nyuma, usionekane. Hapo hapo. Haya, vuta."

Benadeta, ambaye hakuwahi kuvuta sigara maishani mwake, akavuta.