Tezi ya Kwapani

Mtaani walimwita Springi kwa sababu alikuwa fundi wa makochi, na pia kwa sababu ukimgusa kwa neno dogo tu, anaruka. Asubuhi moja, akijipaka sabuni bafuni, mkono wake ulikutana na kitu kwapani. Kilikuwa na ukubwa wa gololi, na kikibonyezwa kinauma. Akakibonyeza tena kuhakikisha. Kikauma.

Hakumwambia mkewe. Alimwambia shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyefanya naye kazi karakanani, jambo lililokuwa sawasawa na kukodi gari la matangazo. Jua halijafika utosini, mke amekwisha kufika karakanani, pochi mkononi.

"Vaa shati safi," alisema. "Tunakwenda hospitali."

Daktari alikuwa mama mmoja mpole, mwenye vidole vya baridi. Alimpapasa kwapa, akampapasa shingo, akamuuliza kama ana homa, kama amepungua uzito, kama ana kidonda mkononi.

"Mikono yangu ni vidonda vitupu, daktari. Leo pini, kesho msumari."

"Basi sikiliza. Hiyo iliyovimba ni tezi ya limfu. Ni kama kambi ya askari wa mwili. Vijidudu vikipenya mkononi, askari hukusanyika hapo kupigana navyo, na kambi inafura. Mara nyingi ni maambukizi ya kawaida. Mara chache huwa saratani, ndiyo maana sitaki kubahatisha."

Katika maneno yote hayo, Springi aliondoka na moja tu. Askari, kambi, vijidudu, vyote vilipita sikio hili vikatokea lile; saratani iliingia ikakaa kitako, ikakunja nne.

"Kwa hiyo tutachukua kinyama," daktari akaendelea.

Springi akashika kingo za kiti. "Mnichukue kinyama kwa kosa gani, daktari? Si nimekuja kwa miguu yangu?"

Mkewe, ambaye tangu asubuhi hakuwa amecheka, alijifunika uso kwa mtandio, mabega yakitikisika. Daktari ikabidi aeleze kuwa ni kipande kidogo cha nyama, kitatolewa kwa sindano, tena kwa ganzi, kisha kipelekwe maabara. Kikatolewa. Wakaambiwa warudi majibu yakiwa tayari.

Shemeji alikuwa akiwasubiri mlangoni pa karakana. "Wamesema nini?"

"Tezi," akajibu Springi, akapita zake ndani akiwa hana hamu ya maneno.

Shemeji alijua tezi moja tu ya wanaume watu wazima, na haikai kwapani. Hivyo jioni jirani mmoja mzee alikuja nyumbani kumpa pole, akavuta kiti karibu kabisa.

"Usione haya, mwanangu. Hata mimi tezi dume ilinishika. Usiku unaamka mara ngapi kwenda haja ndogo?"

"Mzee wangu, haja ndogo na kwapa vinahusiana vipi?"

Mzee alimtazama kwa huruma nyingi. Alipoaga, alimnong'oneza mama mkwe wa Springi, aliyeishi nao, kuwa ugonjwa umeshapanda kichwani.

Lakini Springi mwenyewe hakuwa na la kuchekesha moyoni. Alikuwa akikata sponji, mara anasimama katikati na kisu mkononi, akiwaza nani atamalizia lile kochi la bluu. Chakula alikigusagusa tu. Kubwa zaidi, alifanya amani na paka wa mama mkwe. Huyo paka na yeye walikuwa maadui wa siku nyingi, maana kila kochi jipya lililoletwa nyumbani paka alilifanya la kunolea kucha. Sasa Springi alimkuta analichana moja, akapita taratibu.

"Mwacheni," alisema. "Naye afaidi dunia."

Mama mkwe alikwenda jikoni kufuta machozi. Alisema mkwe akianza kumpenda paka, ujue mambo si mazuri.

Siku ya majibu shemeji alishikilia kuwasindikiza. Akabaki kwenye benchi la nje, na mlango haukufungwa vizuri.

"Majibu ya saratani ni hasi," akasema daktari.

Springi akafumba macho. "Hasi kiasi gani?"

"Hasi maana yake hakuna. Huna saratani. Ni maambukizi, na kinga yako imepigana vizuri. Vijidudu tulivyoviona huletwa na mikwaruzo ya paka. Unafuga paka?"

"Sifugi," alisema Springi, akilia na kucheka. "Naishi naye tu." Akakumbuka siku alipomvuta yule paka kutoka kwenye kochi, naye akamwachia alama kuanzia kiganjani hadi kiwiko.

Walipotoka na dawa zao, Springi bado akijifuta machozi, shemeji alisimama akamkumbatia kwa nguvu.

"Pole sana, shemeji. Nimesikia. Uanaume uko moyoni." Kisha akamgeukia dada yake, akashusha sauti. "Wamemhasi lini? Leo leo?"

Dada yake alikaa chini sakafuni, palepale koridoni, akacheka mpaka muuguzi akaja kumuuliza kama anahitaji maji.

Nyumbani kulikaliwa kikao. Mama mkwe alisema paka wake hajawahi kuugua hata mafua, na mwenye tezi si paka. Ikaamuliwa abaki, ila kucha zikatwe. Springi akavaa glovu za ngozi, akamshika. Mkewe akashika kikata kucha.

Walikuwa wamemaliza miguu ya mbele alipoona mkewe ameinama sana, na manyoya ya paka yamelowa.

"Ulitaka kuniacha," alisema mkewe, bila kuinua uso. "Na mama, na kaka, na huyu."

"Niliogopa."

"Na mimi je? Nilikuwa nakucheka ili nisipige kelele."

Springi hakuwa na mkono wa kumfutia machozi, maana yote miwili ilikuwa imemshika paka. Akamwegemezea paji lake la uso begani. Mkewe akavuta kamasi, akasema amshike vizuri, bado miguu ya nyuma.