Ndoo Arobaini kwa Twiga

Mimi ndiye niliyesema tusugue. Hilo naliweka wazi mapema, maana kijijini kwetu lawama hutafutiwa mtu ambaye hakuwepo.

Mashine yetu ya maji ilikufa mwaka tisini na moja. Zamani ikiharibika, fundi wa wilaya alikuja na spana zake, anaitengeneza, anakula kuku wetu, anaondoka. Safari hii tuliambiwa mambo ya bure yamekwisha, sasa wananchi wachangie. Tuchangie nini, na mawele yenyewe yamekaukia shambani? Miaka mitatu tukawa tunashuka mtoni kufukua maji kwenye mchanga, mwendo wa saa mbili kwenda, na zaidi kurudi, kwa kupanda kilima. Mimi, Mwanaidi, mwenyekiti wa kamati ya maji, nikabaki na cheo bila maji.

Ndipo akaja Elisante, afisa kutoka Dodoma mjini, kijana mwenye adabu, shikamoo yake haikosi. Alipanda hadi pango letu la juu, akakaa mbele ya yule twiga mwekundu aliyechorwa na watu ambao hata babu zetu hawakuwajua, akashuka akitetemeka kwa furaha. Watalii watalipa kuja kumwona, alisema. Kijiji kitapata fungu lake, na kwa fungu la kwanza mashine itafufuka. Lakini kwanza wataalamu waje wamkague huyo twiga, wamtie kwenye orodha ya serikali ya mambo ya kale.

Niliamini. Nyumbani nilikuwa na mkamwana wangu Zaitun, mjamzito wa miezi minane, ambaye mimba mbili za nyuma zilimharibikia kwenye njia ya mtoni. Nikamwambia, huyu utamwogesha maji ya bomba.

Barua ikaja: wataalamu watafika Alhamisi, wapokewe vizuri, mazingira yawe safi. Mwenyekiti wa kijiji, Nurdini, aliisoma mkutanoni mara mbili. Kupokea wageni tunajua. Ulipopita Mwenge wa Uhuru tulipaka chokaa kila jiwe la barabarani, hata mbuzi mmoja aliyezubaa alipata yake. Tukagawana kazi: wanaume njia na chokaa, wanawake pango.

Pango lilitia aibu. Masizi ya moto wa wachungaji, mavi ya popo, michirizi ya pombe na uji ambao wazee huumwagia mwamba wakiomba mvua. Nikasema, "Jamani, mgeni tutamwonyesha mnyama mchafu hivi? Leteni maji."

Tukaleta ndoo arobaini, kutoka mtoni, kichwani. Zaitun alileta tatu. Nilimkataza, akasema, "Acha, mama. Si ndiyo mwisho huu?"

Na wallahi, tulipommwagia maji ya kwanza, twiga aling'aa! Madoa, shingo, hata vijitu vyembamba pembeni ambavyo hatukuwahi kuviona. Wanawake wakapiga vigelegele. Tukaona kumbe ni uchafu tu uliomficha, tukasugua kwa majivu, mchanga na magunzi ya mahindi. Maji yaliyotuchuruzikia miguuni yalikuwa na wekundu. Niliuona. Nikasema ni vumbi, kwa kuwa vumbi letu ni jekundu.

Alhamisi mwamba ulikuwa umekauka.

Mtaalamu mmoja, mama Dorothea, alisimama mbele yake na kamera shingoni. Mwamba safi, kama sinia lililooshwa. "Yuko wapi?" akauliza. Nurdini alicheka, akachukua kibuyu akaumwagia maji, twiga ang'ae kama siku ile. Maji yakashuka. Hakutokea mtu wala mnyama.

"Nani aliosha hapa?"

Wenzangu wakatazama chini. "Mimi," nikasema. "Barua ilitaka usafi."

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alimgeukia Elisante, akamuuliza taratibu nani aliandika barua, na Elisante akajibu kwamba hayo maneno huandikwa kwenye kila barua ya ziara, hata ya kukagua shule. Machozi yalikuwa yanamtoka, afisa mzima na tai yake. Waliondoka bila kuugusa wali tuliowapikia.

Niliona aibu, na hasira pia. Miaka mitatu nimeomba fundi mmoja tu, hakuja. Kwa ajili ya twiga wa ukutani walikuja sita na gari.

Nilipofika nyumbani nilimkuta Zaitun ameinamia mtungi, anakwangua tope la chini kwa kata. Maji ya nyumba tulikuwa tumeyapandisha kilimani.

"Wamemtia kwenye orodha, mama?"

Nilichungulia ndani ya mtungi. Akaniangalia usoni, akajua. Alisokota ngata, akajitwika ndoo tupu, mkono mmoja tumboni.

"Lete, niende mimi," nikasema.

"Wewe pumzika, mama. Umesugua sana."

Hakuwa ananisimanga. Nilichukua ndoo yangu nikamfuata.