Matanga ya Hilkia

Hilkia, mkuu wa sinagogi, amejilaza mchana wa Sabato, na usingizi anaupata kwa shida. Asubuhi hii, mbele ya watu wote, amelikunja gombo la Torati na kutamka kwamba Masihi amekwisha kuja, naye ni Yesu yule aliyesulubiwa. Wazee wamempa hadi jua litue: akane maneno yake, ama ahesabiwe amekufa, na kaka za mkewe Ketura waje kumchukua dada yao. Akane! Yeye aliyewafundisha nusu yao kusoma! Anafumba macho kwa hasira, na hapo sakafu inalegea, inakuwa barabara, na barabara inamwingiza katika mji wenye kuta za shaba iliyosuguliwa, na katika kila ukuta yumo Hilkia, na kila Hilkia anamwambia, sema ulikosea, mzee, neno moja tu, ule chakula chako kwa amani. Sikukosea, anajibu, anapita, barabara inapinda, kuta zinarudi zile zile, naye anajibu tena kwa sauti kubwa zaidi, sikukosea. Mtu asiye na uso anamshika mkono. Unanipeleka wapi? Kwa maiti anayetembea, anasema mtu yule. Niondolee mafumbo yako, bwana, nimeyafumbua tangu sijaota ndevu.

Wanafika nyumbani kwake mwenyewe. Watu wamekaa chini, nguo zimeraruliwa, wanakula dengu za matanga, na katikati yao yuko Ketura, mkewe, macho yamemvimba. Nani amekufa? Hilkia, wanajibu bila kugeuka. Anaumia sana, maana kilio cha Ketura si cha kuigiza. Lakini ulimi wa mwalimu haujui kunyamaza. Nyie watu, hamna haya? Nani amewaruhusu kukaa matanga siku ya Sabato? Inukeni! Nao kwa mazoea wanainuka, wengine dengu zingali mdomoni, wameona aibu kama watoto waliofumaniwa jikoni. Utuwie radhi, Rabi, wananong'ona. Hilkia anacheka kwa uchungu. Mnanizika na bado mnaitii sauti yangu? Basi sikieni, sijaitupa Torati hata herufi moja, ndiyo iliyonifikisha kwa Masihi, na sikani!

Anafumbua macho. Jua limetua. Ketura ameketi sakafuni, vazi lake limeraruliwa kifuani, na nje kaka zake wanagonga mlango. Ketura, unanisikia? Macho yake yako mlangoni. Hilkia hajui kama ameamka au angali kule kule, anaogopa hata kumgusa. Kisha mkewe anainuka, anatia komeo mlangoni. Rudini kwenu, kaka zangu, anapaza sauti. Si mmesema wenyewe mume wangu amekufa? Mimi ni mfiwa, na mfiwa hatoki nyumbani siku saba. Na zikiisha, tutaongea! Anarudi, anaketi kando ya mumewe. Hilkia bado hajui ni ulimwengu upi huu, wala hathubutu kuuliza.